Karamu ya Aliyeacha Pambano

Wiki jana, katika safu hii, niliwaacha mkinitazama mgongo.

Kwa ambaye hakusoma: mimi ni Chepkurui, bondia. Jumamosi ile nilipanda ulingoni Kericho, katika ukumbi wa shamba moja la chai, kupigania mkanda wa Bonde la Ufa Kusini. Mshindi angeingia kambi ya timu ya taifa. Mpinzani wangu alikuwa Akeyo. Nilikuwa naongoza kwa pointi. Raundi ya sita nikamgeukia refa, nikampa Akeyo mgongo, nikasema, "Basi. Nimeacha."

Hakuna aliyeniangusha. Sikuvuja damu. Nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe.

Tangu hapo mmenitukana vya kutosha. Msomaji mmoja, Sagini wa Fort Ternan, amemwandikia mhariri kwamba bondia anayeacha ni sawa na mkunga anayemwacha mtoto nusu njia. Sagini ndugu yangu, mkunga hapigwi ngumi za uso na mtoto.

Mwingine anasema bingwa wa kweli hufia ulingoni. Sawa. Aje aonyeshe mfano, nami nitamshikia koti.

Mnataka kujua niliona nini? Raundi ya nne ilipokwisha nilirudi kwenye kona, nikamwambia kocha wangu Jairus, "Naona Akeyo wawili."

"Basi piga wote," akasema, akanimwagia maji kichwani.

Tulicheka. Raundi ya sita jicho la kulia likazimika kama mtu amevuta pazia. Sikuwa nimelifumba. Lilikuwa wazi, giza lilikuwa ndani. Ngumi ikitoka upande usiouona, huisikii mpaka ifike. Zikafika mbili. Kabla ya ile ya tatu, nikageuka.

Asubuhi ya Jumapili nikaamka jicho linaona vizuri kabisa, mpaka nyufa za ukuta. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Lingebaki limekufa, ningesamehewa.

Simu ikalia. Mama.

"Njoo nyumbani. Watu wanakuja wakitoka kanisani."

"Watu gani?"

"Wa sherehe yako."

"Mama, si umesikia nilivyofanya? Waambie wasije."

"Niwaambie nini? Nimeshachinja."

"Umechinja nini?"

"Mbuzi. Na yule fahali mweusi."

"Mama!"

"Nilichinja jana mchana. Wewe bado ulikuwa unapigana."

Mlio wa kwetu mnajua mambo haya. Mtu akienda mashindanoni, mursik huwekwa kibuyuni kabla hajatoka nyumbani. Maziwa hayasubiri matokeo. Lazima yalale siku zake yachachuke, ndipo yamfae mshindi. Akirudi, hukutwa njiani na nyimbo, akavikwa shingoni sinendet, ule mmea wa kutambaa, na akanyweshwa mursik mbele ya watu. Ndivyo tunavyowapokea wanariadha, na ndivyo Mama alivyoapa nitapokewa mimi.

Lakini hakuna desturi ya kumpokea aliyeacha. Hakuna aliyewahi kuifikiria. Na mgeni aliyeitwa hafukuzwi.

Nikaenda.

Kwetu ni juu ya Kaplong, mahali ambapo chai ya wakulima wadogo inakutana na malisho ya ng'ombe. Nilikuta hema la buluu na nyeupe limesimama kwenye nyasi, sufuria zinatoa mvuke, na watu wamevaa nguo za kanisani kama waliokuja harusi wakaambiwa bwana harusi ametoroka.

Shangazi mmoja, mtu wa sherehe nyingi, aliponiona akapiga kigelegele kwa mazoea. Akafinywa kiuno. Kigelegele kikakatika katikati.

Shada la sinendet lilikuwa limewekwa juu ya kiti changu. Sikujua nilivae au nilikalie. Nikalisogeza, nikaketi.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamejipanga kando ya hema, wameegemea pikipiki zao.

"Karibu, Basi!" mmoja akaniita. "Si ungemalizia tu? Zilibaki raundi mbili."

"Bado ziko pale ukumbini," nikamjibu. "Nenda kazichukue."

Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka.

Mama alikuja. Aliniwekea sahani ya nyama, akanishika kidevu, akalitazama jicho langu kama anayetazama nyanya sokoni. Kisha akaondoka. Nilimwona amesimama karibu na jiko na Mzee Chepyegon, wananong'onezana. Nikadhani ni mambo ya chakula.

Mzee Chepyegon ni mwenyekiti wa kamati ya ndondi ya kwetu. Hajawahi kuvaa glovu. Lakini kamati ni yake, na jina halitoki hapa kwenda kambini Nairobi bila kupita mdomoni mwake.

Mshereheshaji alikuwa Robert, fundi wa kusema harusini. Siku hiyo maneno yalimkauka.

"Wapendwa, tumekusanyika hapa leo kwa... kwa ajili ya... tukio. Mzee Chepyegon, karibu."

Mzee akachukua maiki kama aliyekuwa anaidai.

"Sisi ni watu wa kuvumilia," akaanza. "Kijana wetu akiingia jandoni, jicho likipepesa tu, tunajua. Atabeba aibu hiyo mpaka kaburini, na watoto wake wataikuta. Sasa huyu wetu hakupepesa jicho. Huyu alimpa mtu mgongo! Mchana! Ukumbi umejaa!"

"Mzee," nikasema kutoka kitini, "mimi sikuwa jandoni. Nilikuwa kazini."

"Nyamaza, bado naongea! Ungeanguka, tungekubeba mabegani!"

"Najua, Mzee. Mngenibeba mpaka wapi?"

Watu wakaguna. Nikasimama, maana nikianza huwa simalizi nimeketi.

"Wahenga walisema kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Hapa hakuna matanga. Fahali amechinjwa, mimi niko hai, naona nyote kwa macho mawili. Basi chekeni! Mbona mmenuna?"

Kuna aliyecheka kweli, nyuma kabisa, akanyamazishwa.

"Kuna mabingwa wa dunia," nikaendelea, "watu wenye mikanda inayojaza kabati, waliokaa kwenye kona yao, kengele ikalia, wakakataa kuinuka. Waliowaita waoga ni akina nani? Ni watu waliokuwa wamekaa na soda mkononi. Mwenye haki ya kunikosoa ni mmoja tu, naye ni Akeyo. Na Akeyo hajasema neno."

"Kuna mwingine," akasema Mzee Chepyegon taratibu. Akatabasamu. "Gibson. Simama, Gibson."

Sikutegemea hilo.

Gibson ni mdogo wake marehemu baba. Kabla sijazaliwa alikuwa bondia anayejulikana kutoka Bomet mpaka Nakuru. Nilianza ndondi kwa sababu ya picha yake iliyo ukutani kwa kogo, nyanya yangu mzaa baba. Hakuacha pambano hata moja maishani. Leo anafungwa vifungo vya shati na mkewe.

Alisimama. Watu wakapiga makofi, na haki yake.

"Gibson," akasema Mzee, "mweleze mtoto wa ndugu yako. Yule mtu wa Nakuru alikuvunja taya. Uliacha?"

"Mimi?" Ulimi wake ni mzito, lakini maneno yalitoka. "Mimi siachi."

Makofi yakapasua hema.

"Umesikia?" Mzee akanigeukia. "Taya imevunjika! Akaendelea mpaka mwisho!"

Gibson alikuwa bado amesimama. Alikuwa anatazama huku na huku, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akamshika Mzee mkono.

"Chepyegon," akasema, na maiki ikaichukua sauti yake ikaipeleka mpaka kwenye mashamba ya chai. "Nilishinda?"

Mzee akakohoa.

"Yule wa Nakuru. Nilishinda?"

Hema zima linajua alishindwa. Hata watoto wanajua. 

Nikaenda nikamshika kiwiko, nikamrudisha kitini. "Ulipigana vizuri, baba mdogo," nikamwambia.

"Lakini nilishinda?"

Sikumjibu. Mniite mkatili mkitaka. Mnaotaka mabingwa wafie ulingoni, njooni mmjibu nyinyi.

Nilidhani shauri limekwisha hapo. Nilikuwa mjinga.

Robert aliwaambia waimbaji waimbe chochote. Mzee Chepyegon akaniita kwa kidole nyuma ya zizi.

"Una mdomo," akasema. "Baba yako pia alikuwa na mdomo. Sasa sikiza. Jina lako bado halijakatwa."

"Nimeacha pambano. Litakosaje kukatwa?"

"Inategemea uliacha kwa nini. Ile chai."

"Chai gani?"

"Usijifanye. Kabla ya pambano ulikunywa chai ya nani?"

Hilo nisingeweza kulikana, watu wote walioingia ukumbini waliniona. Monicah, mamake Akeyo, anauza chai na mandazi mlangoni pale tangu nilipovaa glovu za kwanza. Aliniita, "Mwanangu, njoo upate ya moto, ubishane na mtoto wangu ukiwa na nguvu." Nikanywa. Mtu wa nchi hii anakataaje chai ya mama wa watu? Hata kama binti yake anakungoja akupasue uso, kukataa kikombe ni tusi ambalo halisahauliki.

"Akeyo alikunywa kutoka thamosi hiyo hiyo," nikasema.

"Hakuna mtu atauliza hiyo."

"Mimi nimeiuliza."

"Chepkurui." Akashusha sauti, akawa mtamu. "Sema tu ulinywa, ukasikia kizunguzungu. Basi. Hayo mengine tutasema sisi. Pambano litafutwa, mkanda utarudi, Nairobi utaenda. Na hii aibu itatoka kwa mama yako."

"Na Akeyo?"

"Akeyo ana kwao."

"Kwao ni Kericho, Mzee. Amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Ziwa la babu zake ameliona kwa picha tu."

"Unajua nasema nini."

Nilijua. Kwetu, kila mtu wa umri wangu anajua neno hilo, fulani ana kwao, limewahi kuchoma nyumba ngapi baada ya uchaguzi.

"Mzee, niite mwoga," nikamwambia. "Hilo nitalibeba, si zito kama mnavyodhani. Lakini sitamsingizia mama wa watu sumu ili mimi nipande gari la Nairobi. Niliacha kwa sababu jicho lilizimika na nilitaka kuendelea kuona. Andika hivyo, sema hivyo, imba hivyo."

Nilingoja akasirike. Hakukasirika. Alinitazama karibu kwa huruma.

"Tulijua utakataa," akasema.

Tulijua. Nikaanza kujiuliza ni akina nani hao, na hapo nikasikia sauti ya Mama kwenye maiki.

Nilikimbia. Nilipozunguka zizi, Mama alikuwa katikati ya hema na kibuyu cha mursik kifuani, ameshikilia maiki mbali na mdomo kama asiyeizoea.

"Mtoto wangu hakuacha," alikuwa anasema. "Mtoto wangu hajui kuacha. Nimemlea mimi. Mnamwona amenyamaza kwa sababu anaona haya kusema. Aliwekewa kitu. Kwa chai. Ameniambia mwenyewe, kwa kinywa chake. Huyo mama wa chai alimwekea kitu."

Loo! Hema likasimama lote. Yule shangazi akakamilisha kigelegele chake. Wanawake wakanivamia, sinendet ikaanguka shingoni mwangu kabla sijainua mkono, mtu akanibusu, mtu akanililia begani. "Pole, mama! Pole! Na sisi tulikusema!"

Kando ya hema, pikipiki ya kwanza ikanguruma. Kisha ya pili.

"Twende kwa huyo mama wa chai!" akapaza sauti yule yule aliyeniita Basi. "Leo leo!"

Nikamtafuta Mzee Chepyegon kwa macho. Neno lake moja lingewazima wale vijana. Alikuwa anapangusa miwani.

Mama akanifikia. Akanisukumia kibuyu mdomoni, mkono mwingine nyuma ya shingo yangu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo nina homa.

"Kunywa," akanong'ona.

"Mama, umefanya nini?"

"Kunywa, yaishe."

"Wanaenda kumuumiza Monicah."

"Hawatamuumiza. Watamfokea tu. Kunywa, watu wanaona."

"Mimi sikukuambia hivyo, Mama. Sikukuambia!"

"Nimemzika baba yako nikivumilia kiburi cha watu hawa," akasema. "Sitakaa hapa nikiitwa mama wa aliyegeuka. Kunywa, Chepkurui. Nakuomba. Tone moja tu."

Kila mtu alikuwa ananingoja nimeze. Nikinywa, nimekubali. Nisiponywa, nimemvua nguo mama yangu mbele ya kanisa lake. Hakuna kocha aliyenifundisha kukwepa ngumi inayotoka huko.

Nikasukuma kibuyu. Mursik ikamwagika kwenye gauni lake la Jumapili. Nikachukua maiki.

"Zimeni pikipiki! Zimeni mnisikie! Chai ya Mama Akeyo haikuwa na kitu. Akeyo mwenyewe aliinywa. Niliacha mwenyewe, kwa hiari yangu, na kesho ikinibidi nitaacha tena. Mama yangu hasemi kweli."

 Mmenisema kwa kumpa Akeyo mgongo. Hilo ni mchezo. Mtoto kumwita mamake mwongo hadharani, kwetu, hilo halina jina kwa sababu hakuna anayelifanya.

"Sasa tuamini nani?" akauliza kijana wa pikipiki. Injini yake ilikuwa bado inanguruma.

"Mtoto anaogopa hao watu," akasema Mzee Chepyegon. "Mama ndiye anajua."

Ndipo kogo akainuka.

Kogo huwa hasemi katika mikutano. Alitembea polepole mpaka nyumbani kwake, kila mtu akimtazama, akatoka na kitu amekishika kwa mikono miwili. Legetiet. Mshipi wa ngozi ulioshonwa kauri, ambao wanawake wa zamani waliufunga kiunoni kwa sababu ya watoto wao. Alikuwa ameuvaa kwa uzazi wa baba yangu na wa Gibson. Akainama, akaulaza juu ya nyasi mbele ya Mama.

Wazee wakavua kofia. Mchungaji akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Mlio wadogo, waulizeni bibi zenu. Mwanamke akiruka mshipi ule, amekula kiapo. Akiruka juu ya uongo, hapati madhara yeye. Kinachofuata kinamwendea mtoto wake. Tunasali Jumapili na tunaamini Biblia, lakini sijamwona mtu wa Kaplong anayefanya mzaha na legetiet.

"Mmoja wenu anadanganya mbele ya wageni wangu," akasema kogo. "Wale vijana wasitoke kabla sijajua. Mwenye kweli aruke."

"Nitaruka mimi," nikasema, nikasogea.

Kogo akanizuia kwa kiganja kifuani. "Wewe hujazaa. Mshipi huu haukujui."

Akamgeukia Mama. Watu wote wakamgeukia Mama.

Niliona uso wake ukibadilika. Niliona anajua, na anajua kwamba najua. Ulikuwa mlango mwepesi kuliko yote: kutikisa kichwa, kurudi nyuma hatua moja, kusema nilikosea. Watu wangeguna, wangekula nyama iliyobaki, wangekwenda zao. Pikipiki zingezimwa. Monicah angelala kwake salama.

"Mama, acha," nikamwambia. "Hakuna aibu. Mimi nimeacha na niko hapa, niangalie. Acha."

"Mimi si wewe," akasema.

Akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka kando, kimoja na kingine. Akashika pindo la gauni lililolowa maziwa, akalipandisha juu ya magoti.

"Mama!"

Hakunitazama. Mguu wa kulia ukainuka kutoka kwenye nyasi.